Kiswahili cha Kusikilizwa: Juu ya Kompyuta Imsomeayo Asiyeona, kwa Mfano wa Tabora

Kusudi la makala haya ni kueleza jinsi mtu asiyeona awezavyo kuandika barua, taarifa na hesabu za ofisi katika kompyuta yenye mfumo wa Linux, na jinsi Kiswahili kinavyotumika katika kazi hiyo. Jambo hili laweza kudhaniwa kuwa ni la mafundi wa mitambo, wala si la wachunguzi wa lugha. Lakini kazi yenyewe yote huendeshwa kwa maneno. Neno alilolichagua mtunga istilahi, likakubaliwa kwa kuwa lapendeza likiandikwa, ndilo analolisikia mtu huyu mara nyingi kila siku, naye hana kioo cha kulitazama apate kuondoa shaka. Istilahi zetu za kompyuta zimepimwa kwa jicho. Zikipimwa kwa sikio, baadhi yake zapungua, na baadhi yake zazidi thamani kuliko zilivyodhaniwa.

Nimechukua mfano wa Tabora kwa sababu mbili. Kwanza, mji huo una Shule ya Msingi Furaha, ambayo husomesha watoto wasioona, na una Chuo Kikuu cha Askofu Mkuu Mihayo, ambacho hufundisha walimu wa elimu maalumu. Tena iko Kitete, mahali palipoipa jina hospitali ya rufaa ya mkoa. Tumwaze karani mmoja wa Kitete, mtu wa kubuni tu, ambaye amepoteza macho akiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuandika kwa taipu na baadaye kwa kompyuta. Mtoto wa Furaha amefundishwa Breli tangu utoto wake. Karani huyu hakufundishwa. Vidole vyake vyazijua herufi za kibodi (au baobonye, kama waandikavyo baadhi ya watunga istilahi), na masikio yake yakijua Kiswahili. Hana mali nyingine ya kuanzia.

Sababu ya pili ni ya historia. Burton na Speke walipofika Kaze, karibu na mahali ulipo mji wa Tabora, mwezi wa Novemba 1857, waliikuta njia ya misafara imekwisha zoeleka. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na kurudi, na lugha waliyoichukua waliichukua kwa kusikia, njiani na makambini. Kiswahili kilifika bara kwa sikio kabla hakijafika kwa kitabu. (Speke mwenyewe alikuwa na maradhi ya macho hata walipolifikia Ziwa Tanganyika mwezi wa Februari 1858 hakuweza kuliona vema, na mambo mengi ya safari yake aliyapata kwa kuelezwa na Sidi Mubarak Bombay, kwa lugha ya Kihindustani.) Waliojua kuandika waliandika kwa herufi za Kiarabu. Ndivyo alivyofanya Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makao Unyanyembe, alipoandika habari za maisha yake. Heinrich Brode akazigeuza katika herufi za Kirumi mwanzoni mwa karne ya ishirini.

Nataja herufi hizo kwa sababu zahusu hoja yetu. Herufi za Kiarabu, kama zilivyotumiwa na watu wengi kabla ya kuongezewa alama, hazikutofautisha *e* na *i*, wala *o* na *u*, na mara nyingi *b* ilikaa mahali pa *p*. Msomaji alilazimika kuijua maana kwanza, ndipo alitamke neno. Mtu aweza kufanya hivyo, lakini mashine yafanya kwa taabu kubwa. Tahajia ya herufi za Kirumi iliyosanifiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu mwaka 1930 iliipa kila vokali sauti moja, na karibu kila konsonanti sauti moja. Wanakamati hawakuwa na habari ya mashine zisemazo. Walikuwa wakifikiri juu ya vitabu vya shule. Hata hivyo, kwa kazi yao hiyo, mashine ndogo yenye kanuni chache yaweza leo kusoma ukurasa wa Kiswahili isichokijua, kwa usahihi ambao Kiingereza hakiupati bila kamusi kubwa ya matamshi. Hata mkazo una kanuni: huangukia silabi iliyo kabla ya ya mwisho. Maneno yanayoasi kanuni hiyo ni machache. Linalojulikana zaidi ni *barabara*, ambalo mkazo wake hubadilika kwa kadiri ya maana, njia ya magari au sawasawa, na mashine haina macho ya kuona ni ipi iliyokusudiwa.

Sasa tueleze mtambo wenyewe. Programu za ofisi zitumikazo zaidi katika Linux ni zile za LibreOffice, ambazo zilijitenga na OpenOffice.org mwaka 2010: Writer kwa maandishi, Calc kwa majedwali ya hesabu, na nyinginezo. Kisoma skrini kitumikacho ni Orca. Kilianzwa mwaka 2004 katika kampuni ya Sun Microsystems na Marc Mulcahy, ambaye mwenyewe ni mtu asiyeona, na tangu mwaka 2006 kimekuwa sehemu ya mazingira ya GNOME. Vyote viwili hutolewa bure. Visoma skrini vya Windows viko pia: JAWS huuzwa kwa bei kubwa, na NVDA, iliyoanzwa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, ingawa Windows yenyewe ina bei yake.

Neno linapotoka katika hati hata kulifikia sikio hupita vituo vinne, kama mzigo uliopokezanwa na wapagazi. Kwanza, LibreOffice yenyewe hutangaza kilichopo mahali pa kishale: kwamba ni aya, au kichwa cha habari, au kitufe, na maneno yake ni haya. Pili, Orca huupokea utangazaji huo kwa njia iitwayo AT-SPI, na kuamua lipi la kusemwa na lipi la kuachwa. Tatu, Orca humkabidhi maneno mtumishi aitwaye Speech Dispatcher. Nne, huyo huyapeleka kwa mtoa sauti, ambaye aghalabu ni eSpeak NG. Kuvijua vituo hivi ni msaada mkubwa siku ya matata. Ikiwa kompyuta yote ni kimya, shida iko mwishoni mwa njia. Ikiwa Orca yasema kila mahali isipokuwa ndani ya hati, shida iko mwanzoni: katika baadhi ya matoleo ya Linux kifurushi cha kuiunganisha LibreOffice na mazingira ya GTK husakinishwa peke yake, na pasipo kifurushi hicho hati huweza kuwa bubu kabisa.

Karani wetu huiamsha Orca kwa kubonyeza pamoja Alt, kitufe cha Windows na S. Tangu hapo kitufe cha Insert, au Caps Lock katika kompyuta ya mkononi, huwa ndicho kitufe cha amri za Orca. Akikibonyeza pamoja na H huingia katika hali ya kujifunza, ambamo kila kitufe hujitaja jina bila kutenda kitu. Ni jambo jema kuanza hapo kabla ya jingine lolote. Akikibonyeza pamoja na nafasi, hufunguka dirisha la mapendeleo, na humo huchaguliwa sauti na lugha yake.

Uchaguzi huo wa lugha hauna budi kufanywa mapema. Ikiwa sauti ni ya Kiingereza na hati ni ya Kiswahili, matokeo yake si lafudhi ya kigeni tu. Maneno yenyewe huwa mengine. *Wake*, *pale*, *pole* na *mate* ni maneno ya Kiingereza pia kwa umbo, na mashine huyasoma kwa kanuni za Kiingereza, kila moja likipoteza vokali yake ya mwisho. Katika eSpeak NG Kiswahili kimo. Sauti yake si ya kibinadamu. Ni kavu, na mgeni huchoka nayo. Lakini yatamka vokali zote tano, na wenye uzoefu huipenda kwa sababu hubaki ikisikika hata ikiharakishwa sana. Mtu aliyezoea huisikiliza kwa mwendo ambao sisi wengine hatuambui neno.

Hapa ndipo istilahi zinapoingia majaribuni. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu za OpenOffice.org zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya heshima, na ilionyesha kwamba lugha yetu yaweza kubeba menyu nzima. Tafsiri ya LibreOffice iliyokuja baadaye haijakamilika, na pale isipofika, Kiingereza huchomoza. Mwenye macho huruka neno la Kiingereza kama arukavyo dimbwi. Asiyeona husikia sauti ya Kiswahili ikilisoma kwa silabi za Kiswahili, neno lisilo la lugha yoyote. Kwa sikio, menyu iliyo nusu Kiswahili na nusu Kiingereza ni mbaya kuliko menyu ambayo yote ni ya Kiingereza, na watafsiri wetu yawapasa kuukubali ukweli huo mchungu: ni afadhali kuikamilisha Writer peke yake kuliko kugusa kila programu kidogo kidogo.

Tuitazame jozi moja ya maneno. Kiingereza kina maneno mawili yasiyofanana kabisa kwa kazi ya kuifungua hati na kuifunga. Kiswahili, kwa utajiri wake wa mnyambuliko, kina *fungua* na *funga*. Kwa mwanaisimu jozi hii ni pambo: mzizi mmoja, na kiambishi cha kutendua kimoja. Kwa jicho tofauti yake ni wazi. Lakini mwendo wa sauti ukiharakishwa, tofauti hiyo ni vokali moja fupi iliyobanwa kati ya *ng* na *a*. Ni kweli kwamba mkazo huhama, kwa maana *funga* hukazwa mwanzoni na *fungua* hukazwa katikati, na sikio makini hushika hapo. Lakini katika neno lisemwalo peke yake, bila sentensi ya kulisaidia, ushahidi huo ni mdogo. Namna hiyo hiyo ndivyo ilivyo kwa *bandika* na *bandua*, *tenda* na *tendua*, *ficha* na *fichua*. Sisemi kwamba tuyatupe. Nasema kwamba jozi hizi zisiachwe uchi katika menyu. *Fungua faili* na *Funga dirisha* hazichanganyiki, na gharama yake ni neno moja zaidi.

Kinyume chake, lugha yetu ina mahali inapomsaidia msikilizaji pasipo sisi kukusudia. Karani akitaka kuiacha hati ambayo hajaihifadhi, programu humwuliza, na vitufe vyake ni *Hifadhi*, *Usihifadhi* na *Ghairi*. Katika Kiswahili ukanushi hutangulia: silabi ya kwanza yatosha kumjulisha hatari iko wapi, naye aweza kuinyamazisha sauti na kusonga mbele kabla neno halijaisha. Kanuni nzuri kwa mtunga istilahi asikiaye ni hiyo: kinachotofautisha kitangulie.

Kanuni hiyo hiyo yahusu herufi za mwanzo. Asiyeona hafuati kipanya; hufungua menyu kwa Alt na herufi, au kwa F10, kisha hubonyeza herufi ya amri aitakayo. Katika menyu moja haifai herufi moja iitumikie amri mbili. Mtu akitafsiri kwa *Kufungua*, *Kufunga*, *Kufuta* na *Kuhifadhi*, amri zote zitaanza na K, na njia hiyo itakuwa imezibwa. Akitumia mashina matupu, bado *Faili*, *Fungua*, *Funga*, *Futa* na *Fomati* zitagombania F. Ni mapatano ya hesabu kama ya kupanga viti, na hayafanyiki ipasavyo ila na mtu anayeijua lugha na menyu pia.

Katika hati yenyewe jambo kubwa ni vichwa vya habari. Wengi wetu hufanya kichwa kwa kukuza herufi na kuzikoleza. Orca haisomi ukubwa wa herufi isipoulizwa. Kwake hicho ni mstari kama mingine. Lakini mwandishi akibonyeza Ctrl na 1, mstari ule huandikishwa kuwa kichwa cha ngazi ya kwanza, nao hutangazwa hivyo, na kwa F5 vichwa vyote hupangwa katika orodha ambayo msikilizaji huitumia kama sisi tutumiavyo kupekua kurasa. Wahariri wa majarida, nasi tukiwamo, tusidhani kwamba haya ni ya wengine. Makala iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuwekwa katika kompyuta ni karatasi nyeupe mbele ya Orca. Yako majarida mengi ya zamani yaliyohifadhiwa kwa namna hiyo, na mwanafunzi asiyeona anayetaka kuyajua yaliyoandikwa juu ya lugha yake mwenyewe hupewa kimya. Programu ya Tesseract, ambayo hutoa maandishi kutoka katika picha, imefundishwa Kiswahili pia, na tokeo lake hupungua makosa likisahihishwa na mkono wa mtu.

Habari ya tahajia yahitaji maelezo zaidi, maana hapa mtu wa Tabora ana taabu yake maalumu. Kinyamwezi hakitofautishi *r* na *l* kama Kiswahili kifanyavyo, na mtu aliyekulia katika lugha hiyo huweza kuandika *kula* mahali pa *kura*, au *mahari* mahali pa *mahali*. Mwenye macho hujisahihisha kwa sababu umbo la neno limekwisha kaa jichoni mwake. Anayesikia tu hana umbo hilo, na *r* ya mashine ikisemwa kwa haraka haiko mbali na *l*. Programu ya kukagua tahajia, iitwayo kwa F7, haimfai hapo, kwa sababu *kula* na *kura* yote ni maneno halali. Njia yake ni kupita herufi moja moja kwa kitufe cha mshale, kila herufi ikitajwa. Kwa aliyejifunza Breli iko njia bora zaidi, nayo ni kibao cha Breli kiunganishwacho na kompyuta kwa programu ya BRLTTY, ambacho vidoto vyake huinuka na kushuka chini ya vidole. Ila bei ya vibao hivyo ni kubwa.

LibreOffice ina orodha ya tahajia ya Kiswahili cha Tanzania. Lakini neno la Kiswahili si kitu cha kuorodheshwa kwa urahisi: *hawatakupikia* ni neno moja, na kila kiambishi chake chaweza kubadilishwa. Kwa hiyo ukaguzi hulaumu maneno mengi yasiyo na kosa. Kwa mwenye macho ni mstari mwekundu usioumiza. Orca ikiwa imewekwa kutangaza makosa, msikilizaji hukatizwa kwa maneno yaliyo sahihi, hata huuzima utangazaji wote, na makosa ya kweli hupita pamoja na ya uongo. Ritifaa nayo ina kisa chake: programu za ofisi huweza kuigeuza ile ya *ng'ombe* kuwa alama ya kufungia nukuu, na kwa mashine alama hiyo huenda ikawa ni mwisho wa jambo, si sehemu ya konsonanti. Ni vema mabadiliko hayo ya moja kwa moja yazimwe katika hati za Kiswahili.

Nimeacha nyuma jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kwa wanaisimu, yaani tarakimu. Katika Calc, na katika kila taarifa ya ofisi, huandikwa *watoto 3*, *viti 2*, *miti 5*. Sisi tusomapo hutia upatanisho wenyewe bila kufikiri: *watatu*, *viwili*, *mitano*. Mashine ikiiona tarakimu huitaja kama ihesabuvyo: *watoto tatu*, *viti mbili*, *miti tano*. Mtu mzima huvumilia. Lakini mtoto asiyeona ambaye kusoma kwake kwingi ni kwa sauti hiyo husikia upatanisho ukivunjwa na kitu anachokiamini kuliko mwalimu.

Kuponya kosa hili si kazi ya fundi peke yake. Kanuni za mwanzo ni nyepesi: moja hadi tano, na nane, hupatana na nomino, sita, saba, tisa na kumi hazipatani. Katika *watu 12* ni sehemu ya mwisho tu ipatanayo, *kumi na wawili*. Mashine ingeweza kulitazama neno lililotangulia tarakimu na kufuata kiambishi chake. Ugumu waanza na viumbe vyenye uhai, kwa sababu vyafuata upatanisho wa *wa-* hata vikiwa na umbo la ngeli nyingine. *Ng'ombe 3* ni *watatu*, na kiambishi hakionekani. *Madaktari 2* ni *wawili*. Na maneno ya umbo la *ki-* na *vi-* ndiyo yatakayoitega mashine kila mara: *vijana*, *viongozi*, *viboko*, *vifaru*, *viziwi*, na *vipofu* pia. Pasipo orodha kamili ya nomino za namna hii, iliyotungwa na watu waijuao lugha na kuwekwa mahali ambapo watengenezaji wa eSpeak NG waweza kuichukua bure, mashine iliyofundishwa upatanisho itamsomea karani wa Kitete *vipofu wawili* kuwa *vipofu viwili*.